Kolosho

Fomu ilitengenezwa kwa makini, sikatai.
Picha hamsini, na kila picha visanduku viwili:
sahihi, kosa.
Nilisimamia kuzaliwa kwake mwenyewe, chuoni Mtwara,
ghorofa ya pili, feni ikikoroma,
wanafunzi wangu saba wa tiba ya usemi
wakibishana kama treni iingie au isiingie,
maana reli ya kusini iling'olewa
kabla mama yangu hajaota meno.

Tukapanda nayo Newala, Oktoba,
harufu ya mabibo imewalewesha hata nzi,
ukungu umeegemea madirisha ya shule.
Elineema ndiye aliyeshika kalamu.
Katoka Same, ana sikio zuri, ana haraka.
Kufika saa nne
alikwisha kuandika watoto kumi na tisa wenye kosa la r.
Gali. Balua. Kolosho.
"Dokta," akaninong'oneza, "hili ni janga."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka.
Mimi ni Rukia kwenye vyeti.
Kwa bibi yangu, mpaka anafumba macho, nilikuwa Lukia.
Lukia ndiye aliyebebwa mgongoni, akaimbiwa.
Rukia alisimamishwa ubaoni
aandike *rula* mara mia,
chaki ikimwagika kwenye sare.

"Futa," nikamwambia.
"Wote kumi na tisa?"
"Wote. Lugha ya mama haina dawa, wala haiumwi."

Wa ishirini aliitwa Shaweji.
Miaka sita, kaptula ya kaka yake, kifungo kimoja.
Kuku: *tutu*.
Kikombe: *titombe*.
Gari: *dali*.
Elineema akanitazama, kalamu hewani,
sasa anaogopa hata kuweka nukta.
"Na hili, Dokta? Nalo ni la mama yake?"

Mama yake alikuwa mlangoni, Esha Nampota,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda.
Alijibu kabla yangu.
"Sisi hapa tunasema kolosho.
Huyu anasema tolosho.
Tolosho hasemi mtu. Si hapa, si Tandahimba,
hata ng'ambo ya Luvuma hasemi mtu."

Somo hilo mimi hulifundisha kwa mihadhara mitatu
na mtihani wa majaribio.
Yeye alilimaliza kwa kusimama tu,
mtoto mwingine mgongoni, akitaka kuwahi mnada.

Wiki sita tulimlaza Shaweji chali mkekani,
ulimi urudi nyuma wenyewe
kama maji ndooni, baiskeli ikipanda mlima.
Sukutua. Kohoa. Tazama dari. Sema *ka*.
*Ta*.
Sema *ka*.
*Ta*, na kicheko.
Siku ya kumi na nne ikatoka *k*, peke yake, kavu,
kama kijiti kilichokanyagwa.
Lakini kila alipojaribu neno zima
ulimi ulikimbilia menoni, kwao, kwa mazoea.

Siku ya kuondoka, mizigo iko garini,
alikuja mbio na konzi ya zilizokaangwa,
moto bado, anazihamisha mkono kwa mkono.
"Kolosho," akasema. "Chukua."

Kinasa sauti kilikuwa kimekufa betri tangu saa tano.

Jedwali la nne la ripoti yetu,
safu ya Shaweji, kipimo cha mwisho: kistari.
Mhakiki ameandika pembeni, *takwimu haijakamilika*.
Ni kweli, haijakamilika.
Nimemjibu kwa heshima, aya mbili, nikashukuru.

Ila jana nikipanga majalada
nilikuta fomu ya ishirini imegeuzwa,
na nyuma yake, kwa mwandiko wa Elineema:
*K ameipata. L ni yake.*

Kaandika kwa kalamu ya risasi, na risasi hufutika.
Nimepitisha wino juu yake.